TUUTAZAME MJI WETU KWA MACHO YETU

Kila mwaka ukaribiapo kwisha, maofisi na makampuni huwagawia watu kalenda za mwaka ujao. Tumezitandaza mezani petu kalenda kadhaa za miaka iliyopita, tukazifunua ukurasa kwa ukurasa. Umo Mlima Kilimanjaro na theluji yake. Wamo simba wa Serengeti na twiga wakati wa machweo. Imo bandari ya Dar es Salaam iliyopigwa picha kutoka angani, maji ya buluu na maghorofa ya vioo. Katika kurasa zote hizo hatukumwona mtu mmoja aendaye kazini, wala hatukuuona mtaa mmoja ambao mfanyakazi aliyezichapa kalenda hizo angeweza kuuonyesha kidole na kusema, "Hapa ndipo kwetu."

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Watasema kwamba wananchi wana haja ya maji, mishahara na barabara, wala hawana haja ya mazungumzo juu ya uzuri. Sisi hatukubaliani nao. Watu hukilinda kile wanachokiona kuwa kizuri; na kile wasichokiona huvunjwa mchana kweupe pasipo mtu wa kuuliza. Basi swali la nini kizuri katika mji wetu ni swali la nini kitabaki na nini kitaondoka, na ni nani atakayeamua. Hilo ni jambo la siasa, na wanachama hawana budi kulifikiri.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa kuchora nyumba. Mwalimu alichora ubaoni, nasi tukafuata: paa la mteremko mkali, dirisha lenye vioo vinne, na juu ya paa dohani inayotoa moshi. Tulipata alama nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyepata kulala katika nyumba yenye dohani, wala katika joto la pwani hakuna mwenye akili awezaye kuitamani. Lakini mkono ulikwisha zoea, na jicho likaufuata mkono. Tulipotoka shuleni na kwenda nyumbani, nyumba zetu tuliziona kama vitu ambavyo bado havijawa nyumba. Kasumba ya namna hii haiondoki kwa kushusha bendera moja na kupandisha nyingine. Inadumu katika macho, na mwenye nayo hajui kwamba anayo.

Tuutazame basi mji wa Dar es Salaam, tukikumbuka jinsi ulivyokatwa. Mji huu ulianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860. Wajerumani wakaufanya makao yao makuu mwaka 1891. Waingereza wakauteka mwaka 1916. Chini ya watawala hao wa Ulaya ardhi ya mji iligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, penye upepo, miti na bustani. Wahindi walikaa katikati, penye maduka. Waafrika walikaa nyuma, kuanzia Kariakoo kwenda bara. Kati ya Waafrika na wengine uliachwa uwanja mtupu, ambao ndio Mnazi Mmoja. Wakuu wa siku zile walidai kwamba uwanja huo ulikuwa kinga ya afya dhidi ya maradhi. Maana yake hasa ni kwamba maradhi yalihesabiwa kuwa tabia ya mtu mweusi.

Ramani hiyo ilifundisha kila mkazi wa mji mahali pa kupaona pazuri na mahali pa kupaona pabaya. Na somo hilo limedumu kuliko sheria iliyolileta. Hata leo mtu akialika mgeni kutoka nje, humpeleka ufukweni, humpitisha Barabara ya Samora, humwonyesha makanisa mawili makuu yaliyojengwa na Wajerumani, kisha humrudisha hotelini. Makanisa hayo ni mazuri, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini mgeni huyo anaondoka akiwa ameona mji wa wale waliotutawala, naye mwenyeji wake amemsaidia asiuone mji wetu.

Hata hivyo, yafaa tukumbuke lililoupata uwanja ule wa Mnazi Mmoja. Palepale palipoachwa wazi ili watu wasikutane, watu walikutana. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya mtaani huko New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, iliwaita wananchi katika viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani, nao wakaja kwa maelfu kusikiliza habari za uhuru. Leo pana Mnara wa Mwenge. Mpita njia akiupita uwanja huo jioni atawaona vijana wakicheza mpira, wanafunzi wakisoma chini ya miti, na wazee wakibishana. Huo ni uwanja wa vumbi na majani haba, hakuna kalenda itakayouchapa. Lakini Mtanzania anayejua habari yake hawezi kuupita bila kuona uzuri wake.

Kutoka hapo ni hatua chache tu kufika Kariakoo, na hapo twaomba msomaji asimame kidogo na kusoma vibao vya mitaa. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na wapagazi wa jeshi la Kiingereza, ambao kikosi chao kiliitwa kwa lugha yao "Carrier Corps", nao walipigishwa kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Walikuwa watu waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, kubeba chakula na risasi kichwani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Sasa tazama mitaa inayolizunguka soko: kuna Mtaa wa Narung'ombe, kuna Mtaa wa Mahiwa, kuna Mtaa wa Tandamti. Hayo ni majina ya mahali palipopiganwa vita vikali mwaka 1917, huko kusini katika sehemu za Kilwa na Lindi. Mama anayeuza nyanya penye pembe ya Mtaa wa Mahiwa ameweka tenga lake juu ya kumbukumbu ya maelfu ya wafu, wala hakuna aliyemwambia.

Linganisha na sanamu ya Askari iliyoko Barabara ya Samora. Mahali pale kwanza ilisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani kuwashinda kina Abushiri wa pwani mwaka 1889. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakasimamisha Askari wao wa shaba mwenye bunduki na singe. Maandishi ya chini yake yanawataja na wapagazi pia, lakini aliyepandishwa juu ni mwenye bunduki peke yake. Mpagazi hakupewa shaba. Alipewa mtaa, na mtaa ukampa uhai kuliko shaba, kwa kuwa jina lake latamkwa kila siku na makondakta wa daladala: "Kariakoo! Kariakoo!" Hatujui mnara mwingine katika nchi hii unaotajwa mara nyingi kama huo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba, maana wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke wengi wetu twaijua, hata tumesahau kuitazama. Mbele pana baraza. Mlango wafungukia ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja mpaka nyuma, na vyumba vimepangwa huku na huku, vitatu upande huu na vitatu upande wa pili. Nyuma pana ua, jiko na choo. Zamani iliezekwa makuti, au madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Baadaye ikaezekwa mabati. Hakuna msanifu aliyetia sahihi yake chini ya ramani ya nyumba hiyo. Lakini upepo wapita ukumbini tangu mlango wa mbele hadi uani, na kivuli cha baraza chaanguka mahali pale pale mtu anapotaka kukaa saa kumi ya alasiri. Anayetaka kujua kama jengo ni zuri na aulize kwanza kama linafaa mahali liliposimama.

Lakini nyumba hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko kuleta upepo. Katika chumba kimoja alikaa Mzaramo, katika cha pili Mnyamwezi, na katika vingine Mngoni, Mmanyema, Myao na Mluguru. Kila mmoja alikuja mjini na kabila lake na mila zake, akakuta ukumbi ni mmoja, ua ni mmoja na mtungi wa maji ni mmoja. Haikuwezekana kugombania zamu ya jiko kwa lugha sita. Wakasema Kiswahili. Mzaramo na Mnyamwezi wakataniana, kwa kuwa ni watani tangu enzi za misafara. Na mmoja akifiwa, wote wakakaa matanga barazani. Wasomi huandika kwamba umoja wa taifa letu uliletwa na chama, na shule, na redio. Ni kweli. Lakini kabla ya hayo, mtu alijifunza umoja kwa kukaa na jirani yake katika nyumba ya vyumba sita. Baraza ile ya saruji, iliyong'aa kwa kukaliwa, imechangia kulijenga taifa.

Na mfanyakazi aitazame bandari pia, ile ile iliyopigwa picha kutoka angani. Kabla ya magati ya kina kirefu kukamilika mwaka 1956, shehena ilishushwa kwa matishari na kubebwa migongoni mwa makuli. Mwezi Septemba 1947 makuli hao waliweka chini mizigo, wakagoma kwa ajili ya mshahara wao, na mgomo ukaenea hata kwa wafanyakazi wengine nje ya bandari. Anayelijua hilo akiyatazama yale maji ya buluu anaona zaidi ya buluu. Vivyo hivyo asikiaye nyundo za mafundi wa Gerezani wakinyoosha bati, apitaye Keko asubuhi na kunusa mbao mpya, aonaye kanga zimetundikwa mbele ya maduka ya Mtaa wa Uhuru, kila moja na jina lake, huyo ameuona mji ukifanya kazi. Jioni muuza kahawa apita na birika lake juu ya makaa, vikombe vikigongana mkononi. Sauti hiyo twaijua hata gizani. Mgeni hawezi kuambiwa nini maana yake. Mwenyeji hahitaji kuambiwa.

Hapa tunamsikia msomaji mmoja akituuliza kwa hasira: je, mnausifu umaskini? Mnataka tukae katika matope ili ninyi mpate la kuandika? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu waziwazi. Matope si mazuri. Choo kilichofurika si kizuri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu na kuwafukuza wengine kutoka Bonde la Msimbazi hayakuwa na uzuri wowote, na mwenye kuyapaka rangi ni adui wa wananchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Watu hao hawawezi wote kukaa katika nyumba za chini za vyumba sita. Magorofa yatajengwa, na ni lazima yajengwe. Mwaka 2022 tuliona nyumba mpya za ghorofa zikifunguliwa Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 za wale waliokuwa wakikaa pale zamani. Hilo ni jema, maana waliohamishwa walirudishwa.

Tunachokisema ni kingine. Twasema kwamba anayejenga ghorofa na aulize: mzee wa nyumba hii atakaa wapi saa kumi ya alasiri? Watoto watachezea wapi? Jirani atamwonaje jirani? Kwa maana uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwezi Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka, likaua watu zaidi ya 30. Mwezi Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo kwenyewe, likaua watu zaidi ya 20. Walioangukiwa walikuwa vibarua, wachuuzi na wateja wao. Ubaya wa jengo waanza mahali saruji ilipopunjwa na mkaguzi alipogeuza uso, na hakuna rangi wala kioo cha kuuficha.

Wala asiseme mtu kwamba kipya na chetu haviwezi kukaa pamoja. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika nchi hii kuwa msanifu majengo. Alichukua zege, kitu kipya, akalifanya kama miti mikubwa iliyopanua matawi yake, ili wachuuzi wakae kivulini kama wanavyokaa chini ya mwembe kijijini, na maji ya mvua yateremke kutoka paani yakawekwe akiba chini ya ardhi. Hakuiga dohani ya mwalimu. Alijiuliza watu wake hufanyaje soko, kisha akajenga. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ukaliunguza soko hilo. Tuliwaona watu wakilia barabarani. Wengi walilia kwa ajili ya mali yao iliyoteketea, na ilikuwa haki yao. Lakini wako waliolia ambao hawakuwa na hata fungu moja la mchicha mle ndani. Hao walilia kwa sababu walihisi kwamba kilichoungua ni chao. Atafutaye maana ya utaifa haendi mbali, atawakuta hao.

Basi tufanye nini? Kwanza, itazamwe sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine hayana ulinzi huo mpaka waziri ayatangaze. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa ndiyo kwanza unaanza mwaka huo! Kwa kipimo hicho karibu mji mzima wa wafanyakazi uko nje ya mlango wa sheria, na nyumba ya Kariakoo yaweza kuvunjwa Jumamosi na Jumatatu pakawa shimo la msingi. Hatuombi kila nyumba iwekwe kamba. Twaomba zichaguliwe chache katika Kariakoo, Ilala na Magomeni, zitangazwe, zitengenezwe, na watu waendelee kukaa ndani yake. Kama kanisa la Wajerumani lastahili kuhifadhiwa, baraza ya wazazi wetu yastahili pia.

Pili, vibao vya mitaa viseme. Chini ya jina la Narung'ombe na Mahiwa na Tandamti yaandikwe maneno mawili matatu kueleza maana yake. Gharama yake ni ndogo, na mtoto atokaye shule atayasoma akienda nyumbani.

Tatu, matawi ya wanachama katika mitaa yasingoje amri. Mti mmoja wa kivuli mbele ya ofisi ya tawi, mtaro uliozibuliwa kabla ya masika, baraza iliyorudishiwa saruji yake: hizo ni kazi za Jumamosi moja. Anayeupenda mtaa wake huufagia. Na anayeufagia hatakubali upesi auzwe mbele ya macho yake.

Nne, walimu. Mtoto wa Tandika apewe karatasi na kuambiwa achore nyumba anayolala. Akichora dohani, aulizwe kwa upole ameiona wapi.

Twayasema haya wakati ufaao, maana Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji mkuu unajengwa mbele yetu, barabara kwa barabara. Jiji hilo lina jua kali na upepo wa vumbi. Likijengwa kwa vioo vinavyong'aa ili lionekane kama mji wa watu wengine, litatuchoma macho, nasi tutalipa umeme miaka yote ili kulipoza. Likijengwa kwa kivuli, ua na baraza, hapana shaka wajukuu wetu watalipenda bila kuhubiriwa.

Kalenda za mwaka ujao zitakuja. Mlima utakuwamo na simba watakuwamo, nasi tutazipokea kwa shukrani. Lakini tunawaomba wachapaji wa nchi hii jambo moja: katika miezi kumi na miwili watoe mwezi mmoja tu, wamtume mpiga picha Kariakoo alfajiri, wakati mikokoteni inapoingia na taa za wachuuzi hazijazimwa. Picha hiyo itundikwe ukutani katika ofisi za wakubwa na katika vyumba vya wafanyakazi vilevile, ili kila mmoja aitazame na kusema, "Hapa ndipo kwetu."